Mistari ya fedha kwenye majani ya mndimu: jua chanzo kabla ya kununua dawa

Mvua ya mwaka ikishanyesha, mindimu na michungwa hutoa machipukizi kwa wingi. Wiki mbili tatu baadaye majani hayo mapya yanajaa mistari myeupe inayopindapinda, kingo zinajikunja, na mwenye mti anakimbilia agroveti. Anauziwa chupa. Anapulizia, mistari haiondoki, anarudi kununua chupa yenye nguvu zaidi. Huku Malindi naona hali hiyo kila msimu, kuanzia Ganda na Kakuyuni hadi Mambrui, na Lamu ni vivyo hivyo kwa mindimu ya uani. Pesa nyingi zinapotea, nyuki wanakufa, na mara nyingi mti wenyewe haukuhitaji dawa yoyote.

Chuma jani moja lenye tatizo, na jingine zima la kulinganisha, usome ukiwa nayo mkononi. Nenda kwenye dalili inayofanana na yako.

Kwanza kabisa: futa jani kwa kidole

Bibi mmoja wa Lamu aliniuliza, "Mwanangu, hawa konokono wapanda mti saa ngapi? Mie sijawaona." Lilikuwa swali la haki, kwa sababu ute wa konokono ukikauka hung'aa vilevile. Lakini ute wa konokono uko juu ya jani. Lowesha kidole, sugua: ukitoka, ni konokono. Mstari usipotoka, na ukahisi kingozi chembamba kinachoinuka au kuchanika chini ya ukucha, basi aliyeuchora yumo ndani ya jani au alikuwemo.

Mstari haufutiki, na katikati yake pana uzi mweusi

Inua jani ulielekeze juani. Utaona njia nyembamba mno inapoanzia, mara nyingi karibu na mshipa wa kati, ikipanuka kadiri inavyozunguka. Katikati ya njia pana uzi mwembamba wa rangi nyeusi au kahawia: hicho ni kinyesi. Fuata uzi huo hadi mwisho wa njia ilipo pana zaidi. Hapo, kama hujachelewa, utamkuta kiwavi bapa wa manjano yenye ukijani, asiyefika milimita 4, hana miguu.

Huyu ni mtoto wa nondo mdogo aitwaye kitaalamu Phyllocnistis citrella. Alielezwa na Stainton, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, mwaka 1856 kutokana na vielelezo vya Calcutta, India, na leo yuko karibu kila nchi inayolima michungwa. Nondo mzima ana urefu wa milimita 2 hivi, na akifungua mabawa hafiki mbali zaidi ya milimita 4. Ni mweupe wa kung'aa, na kwenye ncha ya kila bawa la mbele ana doa jeusi. Huruka jioni jua likizama na alfajiri, ndiyo maana watu wanaishi naye miaka bila kumwona. Ukoo wake, Gracillariidae, umejaa nondo wadogo wa tabia hii. Kule Ulaya jamaa zake huchimba majani ya mialoni, na baadhi yao badala ya mstari huacha lengelenge pana lililokunjamana. Sisi mialoni hatuna, na huyu wa kwetu haendi mbali na jamii ya michungwa: ndimu, limau, chungwa, danzi, chenza, balungi.

Jike hutaga yai moja moja, hasa upande wa chini wa jani changa. Kiwavi akianguliwa huingia moja kwa moja chini ya ngozi ya jani, na hatoki nje mpaka awe nondo. Hali nyama ya jani. Anapasua seli za ngozi na kunywa utomvu wake. Ngozi inaachana na jani, hewa inaingia katikati, na hewa hiyo ndiyo inayong'aa rangi ya fedha. Akishiba hufika ukingoni mwa jani, akaukunja kwa nyuzi za hariri, akajifungia humo kuwa pupa. Jani hujikunja kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu upande uliochimbwa haukui sawa na mwenzake.

Kutoka yai hadi nondo huchukua siku 13 hadi 52 kutegemea joto, na kwa joto la pwani muda huwa mfupi.

Jambo moja hapa ndilo linaloamua mengine yote: nondo huyu hulitaka jani laini tu. Jani likishakomaa, likawa gumu na kijani iliyokolea, kiwavi hawezi tena kuingia. Kwa hiyo mistari unayoiona kwenye majani magumu ni kovu. Mwenyewe keshaondoka zamani.

Nitajuaje kama bado yumo?

Tazama ukingo uliokunjwa, ufungue taratibu kwa ukucha. Ukikuta kijidude cha kahawia kilicho kizima, ni pupa, bado hajatoka. Ukikuta ganda tupu limechomoza nusu nje ya mkunjo, nondo keshatoka. Ukikuta kiwavi aliyekauka na kubaki bapa njiani, au kijipupa kisicho chake pembeni mwa mzoga, basi nyigu wadogo mno wamefanya kazi yao: hutaga mayai kwa kiwavi huyo na watoto wao humla. Furahia ukiwaona. Huko Florida, nondo huyu alipogunduliwa mwaka 1993 akasambaa jimbo zima kwa muda mfupi, moja ya hatua za kwanza ilikuwa kuleta nyigu wa aina hiyo kutoka Australia mwaka 1994 na kuwaachia mashambani.

Mistari imejaa kila mahali. Mti una umri gani?

Mti uliopita miaka 4 hivi, wenye shina imara na majani mengi ya zamani, uache. Najua inauma kuutazama. Lakini majani mapya ni sehemu ndogo tu ya mti mzima, matunda hayachimbwi isipokuwa kwa nadra sana, na mavuno hayapungui kwa kiasi cha kulipia dawa. Usiyachume majani yenye mistari. Jani lililochorwa nusu bado linatengeneza chakula kwa nusu iliyobaki, na ukilichuma mti utatoa chipukizi jingine laini, yaani utamwandalia nondo karamu ya pili.

Mti mchanga ndio wa kuhangaikia. Mche uliopandikizwa, wenye matawi matatu manne, karibu majani yake yote ni mapya. Yakijikunja yote mfululizo misimu miwili, mti unadumaa. Huo utunze, na utunzaji wenyewe unaanza na maji na mbolea kabla ya kufikia dawa.

Kitaluni, kwenye miche ya mifuko, kazi inaweza kufanywa kwa mikono. Pita jioni, kila ukingo uliokunjwa ubonyeze kati ya kidole gumba na cha shahada hadi usikie kitu kikipasuka. Jani libaki palepale. Kwa miche mia moja kazi hii haichoshi, na inamaliza kizazi kinachofuata kabla hakijaruka.

Nimepulizia dawa, na mistari bado ipo

Hata dawa ingefanya kazi, mstari usingefutika; ngozi ya jani ikishaachana hairudi. Pima dawa kwa majani yatakayotoka baada ya kupulizia, usiipime kwa yale ya zamani.

Ila uwezekano mkubwa ni kwamba haikufanya kazi. Dawa za kuua kwa kugusa hubaki juu ya jani, na kiwavi yuko chini ya ngozi, hazimfikii. Zinaowafikia ni nyigu, buibui na wengine wote wanaotembea juu ya jani wakiwinda. Ndiyo maana wengi husema baada ya kupulizia tatizo liliongezeka. Wanasema kweli.

Zipo dawa zinazopenya ndani ya mti kupitia mizizi, mfano imidaklopridi, na katika nchi nyingine hutumiwa kwa miti michanga isiyozaa. Hizo huingia hadi kwenye maua. Mchungwa unapochanua nyuki hujaa kutwa nzima, na vijiji vingi vinavyozunguka msitu wa Arabuko-Sokoke vina mizinga. Mti unaochanua au unaokaribia kuchanua usiutilie dawa hiyo kabisa. Kwa mti wa uani ambao ndimu zake zinaliwa na watoto, mimi sioni sababu ya kuitumia hata siku moja.

Kinachofaa kwa mti mchanga ni mwarobaini, na pwani mwarobaini hatununui. Kausha mbegu kivulini, menya maganda, twanga kiini. Gramu 50 za unga kwa lita moja ya maji, loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa safi, tia sabuni kidogo ili ishike kwenye jani. Pulizia jioni, kwa sababu jua huivunja nguvu, na itumie siku hiyo hiyo. Ya kesho haifai. Jaribu kwanza tawi moja ungoje siku mbili uone kama majani hayaungui.

Wakati ndio siri ya kazi. Anza chipukizi linapochomoza, majani yakiwa bado madogo kuliko ukucha wa kidole gumba, upande wa chini na wa juu. Rudia kila baada ya siku 7 mpaka majani yakomae, kisha acha. Ukisubiri hadi uone mistari, kwa chipukizi hilo umeshachelewa, subiri linalofuata.

Mistari inarudi kila mwezi, mvua iwepo isiwepo

Hapa tatizo ni mti kutochoka kutoa machipukizi, na mara nyingi anayeuchokoza ni mwenyewe. Uliza mambo haya.

Unaumwagilia vipi? Lamu mindimu mingi hupandwa karibu na kisima au mahali maji ya kuoshea yanapomwagika. Unapata maji kidogo kila siku, unachipua kidogo kila siku, na nondo hakosi jani laini mwaka mzima. Kando ya mto Sabaki wanaomwagilia kwa pampu hukutana na jambo hilo hilo. Afadhali maji mengi kwa siku chache, udongo ukauke kiasi kabla ya kurudia, ili machipukizi yatoke kwa pamoja na kukomaa kwa pamoja.

Unatia mbolea lini? Samadi mbichi ya ng'ombe au yurea kidogo kidogo kila wiki huchochea majani laini. Tia mwanzoni mwa mvua, usitie katikati ya kipindi ambacho mistari imezidi.

Unapogoa mara ngapi? Mara moja kwa mwaka yatosha. Lakini vile vichipukizi virefu vinavyopanda wima kwa kasi kutoka kwenye shina, na vyote vinavyotoka chini ya kiungio cha mche uliopandikizwa, ving'oe vikiwa bado vichanga. Havizai tunda la maana, na nondo huvipenda mno.

Majani yamejikunja, lakini mistari hakuna

Geuza jani. Ukiona vidudu vyeusi au vya kahawia vimesongamana kwenye ncha changa, mikono inanata, na sisimizi wanapanda na kushuka, hao ni vidukari. Wanatoa maji matamu, sisimizi wanayafuata, na baadaye juu ya majani yaliyo chini hutanda masizi meusi. Masizi hayo ni kuvu inayoota kwenye utamu; haiingii ndani ya jani. Maji ya sabuni yakipuliziwa kwa nguvu asubuhi siku kadhaa hutosha. Wazuie sisimizi kupanda, maana wanawalinda vidukari dhidi ya adui zao.

Maji moto wale wakubwa wa rangi ya chungwa, wanaoshona majani kuwa viota, ni habari nyingine. Wanauma, lakini ni wawindaji hodari, na kwenye minazi ndio wanaoilinda na mdudu anayefyonza vidaka. Wao usiwachome moto.

Majani yakiwa madogo, yamekunjamana, na ndimu ina pete ya kovu la kijivu kuzunguka kikonyo, tafuta vithiripi, vidudu vyembamba vidogo mno. Ukiona vumbi linalotembea chini ya jani, ni utitiri, na huzidi wakati wa kaskazi, hasa kwenye miti iliyo kando ya barabara za vumbi. Kuosha majani kwa maji husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Majani yameliwa kutoka ukingoni

Kiwavi mchanga anayefanana na mavi ya ndege, akikua huwa kijani na mnene. Ukimgusa anatoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Ni mtoto wa kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, Papilio demodocus. Anaweza kuuvua majani mche mdogo kwa siku chache, basi mwondoe kwa mkono. Ila ukiwa maeneo ya Gede, muulize jirani kwanza: mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, hununua pupa za vipepeo kutoka kwa wanavijiji wanaopakana na Arabuko-Sokoke, na huenda yeye huwafuga viwavi hao.

Majani yana manjano

Hapa nataka uende polepole, kwa sababu moja ya sababu zake ni mbaya kuliko nondo mara mia.

Manjano yakianzia majani ya zamani, ya chini, mti una njaa ya naitrojeni. Yakianzia majani mapya, mishipa ikabaki kijani na kati yake pakawa manjano, kuna upungufu wa chuma, zinki au manganizi. Watamu, Malindi mjini na sehemu kubwa ya visiwa vya Lamu udongo umetokana na matumbawe, na chokaa yake huyafunga madini hayo hata kama yamo ardhini. Kuongeza mbolea ya kawaida hakusaidii. Mboji nyingi chini ya mti, pamoja na mbolea ya majani yenye zinki na manganizi, huonyesha mabadiliko kwenye machipukizi yanayofuata.

Sasa fanya jaribio hili. Kwenye jani lenye madoa ya manjano, chora duara kwa kalamu upande wa kushoto wa mshipa wa kati, na jingine mahali palepale upande wa kulia. Upungufu wa madini huchora pande zote mbili sawasawa. Duara moja likiwa na manjano na la pili kijani, bila mpangilio, na ndimu zikatoka zimepinda upande mmoja, chungu, mbegu zimesinyaa, shuku ugonjwa wa kijani wa michungwa. Bakteria wake hubebwa na chawa wa michungwa, vidudu vidogo vinavyokaa kwenye machipukizi yale yale anayoyapenda nondo. Yule chawa wa Afrika hupenda baridi ya bara na huacha vishimo kwenye jani. Yule wa Asia anastahimili joto, na ameshaonekana Kenya. Ugonjwa huu hauna tiba. Mwite afisa wa kilimo au KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, waje waone, na usikate kikonyo cha mti huo kupandikizia mwingine hata ukiombwa na ndugu.

Ncha za majani zimeungua

Ikianzia ncha na kingo za majani ya zamani, rangi ya kahawia kavu, kisha majani yakaanguka, onja maji ya kisima chako. Jamii ya michungwa haistahimili chumvi. Mji wa Lamu unategemea maji matamu yaliyohifadhiwa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, lakini visima vingine vya karibu na bahari huchacha kadiri kiangazi kinavyosonga. Mti ulio upande wa kusi bila ukuta hupata pia chumvi ya upepo. Kinga maji ya mvua, umwagilie kwayo kwa wingi mara moja moja ili chumvi ishuke chini ya mizizi.

Matunda yanaanguka, na majani yana mistari

Ni mambo mawili tofauti yaliyokutana mti mmoja. Pasua tunda. Mabuu meupe yanayorukaruka ni ya nzi wa matunda. Yule aliyetoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa Kenya mwaka 2003 na ndiye anayesumbua zaidi kwenye maembe. Okota matunda yote yaliyoanguka, yafunge kwenye mfuko wa plastiki na uuache juani siku kadhaa. Kuyafukia juu juu hakuwaui.

Nyanya zangu nazo zina mistari

Si nondo wa mndimu, na hakuhamia huko. Mstari mwembamba kwenye nyanya, kunde au tikiti kwa kawaida ni wa mtoto wa nzi mdogo. Ukiwa uwazi mpana ulio wazi kama kioo, na nyanya zenyewe zimetobolewa karibu na kikonyo, huyo ni Tuta absoluta, nondo wa Amerika Kusini aliyefika Hispania mwaka 2006 na baadaye akateremka Afrika. Yeye anahitaji hatua za haraka.

Unanunua miche

Usiukatae mche kwa ajili ya mistari michache. Bonyeza kingo zilizokunjwa papo hapo kitaluni, uupande. Ukatae ule wenye madoa ya manjano yasiyolingana pande mbili, au wenye vishimo vidogo chini ya majani, hata muuzaji akikupunguzia bei. Angalia kiungio kiwe kimeshikana vizuri na kiwe juu ya udongo, fungua sehemu ya chini ya mfuko uone kama mzizi mkuu haujajizungusha, kisha mwulize muuzaji vikonyo alivitoa mti gani na mti huo uko wapi. Kama ni karibu, mwombe akuonyeshe.